Mkwaju kati ya Mzazi na Mlezi

Kila fomu ya shule nchini Tanzania ina mstari unaosomeka hivi: jina la mzazi/mlezi. Anayejaza huandika jina lake mbele ya maneno hayo mawili na halazimiki kusema yeye ni yupi. Mkwaju ule mdogo unaoyatenganisha umemfichia jibu. Kwa shughuli za kila siku ni msaada mkubwa. Bibi wa Ilongero, mkoani Singida, aliyebaki na wajukuu baada ya mwanawe kufariki hahojiwi getini. Mwalimu anampokea, mtoto anaandikishwa, ripoti ya muhula inasainiwa, na mkutano wa wazazi unamkuta amekaa mstari wa mbele.

Kisha inakuja siku ambapo mtu mwenye mhuri anauliza: wewe ni nani kwa mtoto huyu? Ni siku ya kuomba pasipoti. Ni siku ya kufuatilia mafao ya marehemu. Ni siku ambapo baba aliyepotelea machimboni, huko Sekenke au Shelui, anarudi na kusema amekuja kumchukua mwanawe. Siku hiyo mkwaju haumsaidii bibi kitu. Ataulizwa kama ana amri ya mahakama, kama ameasili, kama yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Naye atajibu kwa neno moja tu alilopewa na kila fomu aliyowahi kujaza: mimi ni mlezi.

Nimelitafakari sana neno hili, kwa sababu nalipenda na kwa sababu linabeba mzigo usio wake. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kutenganisha hali za ndugu anayelea mtoto wa ndugu yake: kuachiwa, kukabidhiwa, kukaa naye, kumlea, kumtunza, kumsimamia, kumwasili. Kila kimoja kina mlango wake katika sheria ya Tanzania. Sisi tumevikusanya vyote chini ya jina moja, na anayelipia mkusanyo huo ni mtoto.

Neno lililojaa

Tuanze na mlezi mwenyewe. Kulea ni kitenzi kipana tangu zamani. Mimba hulelewa, mtoto mchanga hulelewa, kipaji hulelewa, hata tabia mbaya hulelewa isipokemewa. Jina lililotoka kwenye kitenzi hicho nalo limesambaa. Klabu ya masomo shuleni ina mlezi wake, ambaye ni mwalimu. Kwaya ina mlezi. Chama cha siasa humpa kiongozi wa kitaifa jukumu la kuwa mlezi wa mkoa. Seminari ina padre mlezi. Wengi wao hawalali nyumba moja na wale wanaowalea.

Neno likitumika mahali pengi namna hiyo, haliwezi kubaki na makali ya kisheria. Ukisema wewe ni mlezi, msikilizaji anaelewa una wema kwa mtoto. Haelewi una mamlaka gani juu yake.

Upande mwingine, lugha ya ukoo inaeleza zaidi kuliko lugha ya fomu. Mtoto aliyefiwa na mama hajaishiwa na mama, maana yupo mama mkubwa na yupo mama mdogo. Aliyefiwa na baba ana baba mkubwa na baba mdogo. Majina hayo yamekwisha kuwaweka ndugu hao katika nafasi ya mzazi kabla msiba haujatokea. Mjomba, shangazi, babu na bibi wana majina yao ya pekee, na pamoja na majina hayo wana wajibu wao wa pekee. Ndiyo maana mama mdogo wa Kiomboi akiulizwa mtoto huyu ni wa nani, atajibu bila kusita: ni mwanangu. Hadanganyi. Kwa hesabu ya ukoo amesema kweli tupu, ingawa kwa hesabu ya cheti cha kuzaliwa hajasema lolote.

Kuachiwa na kukabidhiwa

Sikiliza jinsi watu wanavyosema. Mmoja anasema, nimeachiwa mtoto. Mwingine anasema, nimekabidhiwa mtoto. Watoto hao wawili wanaweza kuwa wanakula ugali uleule katika kijiji kilekile, lakini historia zao ni mbili. Aliyeachiwa alijikuta na mtoto: mama alisema anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Aliyekabidhiwa alipewa mbele ya watu. Palikuwa na kikao, wazee walizungumza, jina lake lilitajwa na akakubali.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, ambayo leo ni Sura ya 13 ya sheria za nchi, inaijua tofauti hiyo ingawa haitumii vitenzi hivyo. Kifungu cha 9 kinasema kwamba wazazi wa kumzaa mtoto wakiwa wamefariki, wajibu wa mzazi unaweza kuhamia kwa ndugu wa mzazi yeyote kati ya hao wawili, au kwa mtu anayemtunza mtoto, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Hayo maneno ya mwisho yanastahili kusomwa kwa sauti katika kila kikao cha ukoo kuanzia Manyoni hadi Mkalama. Bunge limekubali kwamba wazee waliokaa chini ya mti baada ya msiba wanaweza kufanya jambo lenye uzito kisheria.

Kifungu hicho kina mambo mengine mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi. La kwanza ni yale maneno kwamba ndugu wa upande wowote anaweza kupokea wajibu huo. Katika mkoa ambao mahari ya mifugo imehesabiwa kwa vizazi vingi kuwa ndiyo inayoamua watoto ni wa ukoo gani, hilo ni jambo zito. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeandika juu ya Wanyaturu wa Singida, wale wa kundi la Wahi, katika kitabu chake cha 1970, alionyesha jinsi ng'ombe walivyofunga pamoja ndoa, ukoo na mali. Kwa mtazamo huo wa zamani, shangazi na baba mdogo huwa na la kusema kabla ya mjomba na bibi mzaa mama. Sheria ya 2009 haikuwapanga foleni. Imewaweka wote mlango mmoja na kuuliza nani atamfaa mtoto.

La pili ni sharti: wazazi wawe wamefariki. Mzazi akiwa hai, hata kama hajapiga simu tangu mtoto aanze chekechea, kikao cha ukoo peke yake hakihamishi wajibu wake. Hapo ndipo walioachiwa wanapokwama. Wanadhani ukimya wa mzazi ni ruhusa, na miaka ya kulisha ni hati. Sivyo. Aliyeachiwa anahitaji mlango mwingine, nao nitaufikia.

Kwa waliokabidhiwa ushauri ni mfupi: kukabidhi kuandikwe. Muhtasari wa kikao utaje jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, nani amempokea, nani atachangia nini, na nani walishuhudia. Upelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii. Familia nyingi huandika muhtasari kwa ajili ya mirathi tu, kwa kuwa mahakama ya mwanzo huuhitaji, na watoto hubaki kutajwa kwa mdomo. Mashamba yana karatasi, watoto hawana.

Kuna kitenzi kimoja cha vikao hivyo ambacho ningependa kife. Ni kugawana. Baada ya msiba husikika: mashamba tumegawana, mbuzi tumegawana, watoto nao tumegawana, huyu kwa mjomba Itigi, huyu kwa shangazi Singida mjini, mdogo kwa bibi. Nia ni njema, kwa sababu hakuna nyumba moja inayoweza kubeba vinywa vitatu kwa mara moja. Lakini kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto, kinapoiongoza mahakama kuhusu mtoto akae na nani, kinataja kwamba ni vyema ndugu wa tumbo moja wakae pamoja, na kwamba mtoto asikatiziwe malezi aliyoyazoea. Kinataja pia maoni ya mtoto mwenyewe. Kikao cha ukoo kinaweza kujiongoza kwa maswali hayohayo bila kufika mahakamani. Mali hugawanwa. Watoto hupokelewa, tena ikiwezekana wote pamoja.

Kukaa naye

Kitenzi kinachotumika kuliko vyote ni hiki cha kawaida kabisa: nakaa naye. Nakaa na mtoto wa marehemu kaka. Nakaa na wajukuu. Kukaa hapa hakuna maana ya kiti. Ni kulala paa moja, kula chungu kimoja, kuamshana asubuhi. Mahakama ina jina la hali hiyo ikishawekwa kwa amri, ingawa bado haijatulia katika jina moja. Utasikia hifadhi ya mtoto, utasikia uangalizi, utasikia pia haki ya kukaa na mtoto. Mimi napigia kura hifadhi, kwa sababu ni neno fupi, lina heshima, na halichanganyiki na klabu wala kwaya.

Huu ndio mlango wa walioachiwa. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinasema mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuiomba mahakama impe hifadhi ya mtoto huyo. Neno ndugu limeandikwa humo waziwazi. Bibi hahitaji kujifanya mama ili asikilizwe. Shangazi hahitaji kusubiri wazazi wafe. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo, katika kifungu cha 125, inasema kwamba kukiwa na mazingira ya pekee yanayofanya isifae mtoto akae na baba au na mama, mahakama inaweza kumweka kwa ndugu mwingine. Kifungu hichohicho kina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema awe na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Ndugu anayeomba ajiandae kulijibu hilo.

Hifadhi inatoa nini? Inampa ndugu haki ya kukaa na mtoto na kufanya maamuzi ya kila siku, na inampa karatasi ya kumwonyesha mwenye mhuri. Haifuti jina la mzazi. Baba anabaki baba, mama anabaki mama, na sheria inawaachia nafasi ya kuomba kumwona mtoto wao kwa nyakati maalumu. Ndugu wengi wa Singida wanahitaji hilo tu, wala hawana haja ya zaidi. Hawataki kumnyang'anya mtoto nasaba yake. Wanataka asinyakuliwe katikati ya muhula na mtu ambaye mtoto hamjui sura.

Shauri la namna hiyo hupelekwa Mahakama ya Watoto, iliyoanzishwa kwa Sheria hiyohiyo ya 2009, na afisa ustawi wa jamii huandika taarifa baada ya kuitembelea nyumba. Anayeogopa gharama ya wakili akumbuke kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaokaa vijijini na kueleza sheria kwa lugha ya watu, na kwamba Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imejengwa juu ya kazi kama hiyo.

Kulea na kutumikisha

Ipo sababu nyingine ya kutolitegemea neno kulea peke yake. Mabinti wa Singida wanajulikana Dar es Salaam, Arusha na Dodoma kwa kazi za ndani. Baadhi huondoka nyumbani kama wafanyakazi, na kila mtu anajua hivyo. Wengine huondoka kama watoto wa ndugu: shangazi wa mjini amesema atamchukua amlee, atamsomesha. Neno lililotumika kijijini ni kulea. Neno linalostahili kwa kinachoendelea mjini, alfajiri mpaka usiku, mara nyingine ni kutumikisha.

Sheria ya Mtoto imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kinachozuia sheria hiyo kufika jikoni kwa shangazi ni lile jina zuri la mlezi. Jirani akiuliza, anajibiwa: huyu ni mtoto wa kaka yangu, namlea. Swali linaishia hapo, kwa kuwa katika Kiswahili chetu kumhoji mlezi ni utovu wa adabu. Mzazi anayemtoa binti ana haki ya kudai maneno yaliyo wazi zaidi: atasoma shule gani, atarudi likizo lini, nani atapiga simu. Ndugu anayelea kweli hatachukizwa na maswali hayo.

Kutunza

Kuna methali mbili zinazogombana juu ya kichwa cha ndugu huyu. Moja inasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nayo inampa heshima yote. Nyingine inasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nayo inamnyang'anya heshima hiyo wakati wa ugomvi. Sheria haikuchagua upande katika methali hizo. Ilichofanya ni kutenganisha kulea na kutunza.

Matunzo, kwa lugha ya sheria, ni gharama: chakula, mavazi, malazi, dawa, shule. Kulea kunaweza kuhamia kwa bibi na wajibu wa matunzo ukabaki kwa baba. Mtu anayekaa na mtoto, awe mzazi, mlezi au mwingine, anaweza kuomba amri ya matunzo dhidi ya mzazi anayepaswa kulipa. Watu wengi hudhani matunzo hudaiwa na mama aliyeachwa tu. Bibi anayeuza kuku wa kienyeji na vitunguu kando ya barabara ili anunue sare za shule anaweza naye kudai, kama mzazi wa mtoto yu hai na ana uwezo. Kuchukua malezi hakumaanishi kwamba umechukua deni lote.

Kusimamia

Neno linaloleta machozi mengi kuliko yote katika jambo hili ni msimamizi. Baba anafariki, ukoo unakaa, baba mdogo anapendekezwa, mahakama ya mwanzo inamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Watoto wanahamia kwake. Baada ya hapo mambo mawili yanayeyushwa kuwa moja: anayelea watoto ndiye anayeshika mali, na anayeshika mali anaanza kuitwa mwenye mali. Miaka inapita, kijana anafikisha umri wa kudai, anaambiwa shamba la alizeti lilikwisha kuuzwa kumlea yeye.

Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyepewa kazi yenye mwanzo na mwisho: kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudi mahakamani na kutoa hesabu. Jina lenyewe linasema hivyo. Kusimamia ni kusimama kwa ajili ya kazi, na kazi ikiisha msimamizi anakaa chini. Mlezi anaendelea mpaka mtoto afikishe miaka 18, umri ambao Sheria ya Mtoto imeuweka kuwa mwisho wa utoto. Mrithi ni mtoto mwenyewe. Hizo ni nafasi tatu, hata kama zinakaliwa na watu wawili. Si vibaya baba mdogo awe msimamizi na mlezi kwa wakati mmoja. Vibaya ni ukoo kutokumbuka kwamba amevaa kofia mbili, na kwamba ya pili haimpi haki ya kula kilichoko chini ya ya kwanza.

Kambo

Serikali inayo huduma inayoitwa malezi ya kambo. Maana yake ni mtoto kupewa nyumba kwa muda na familia isiyo ya wazazi wake, baada ya ustawi wa jamii kuichunguza na kuiidhinisha, na mara nyingi huwa hatua ya kuelekea kuasili. Ni huduma njema, kwani mtoto anakwenda kwenye nyumba yenye mama, baba na jirani badala ya kukulia kituoni.

Jina lake limenisumbua kwa muda mrefu. Katika Kiswahili cha watu, kambo ni ndoa ya pili. Baba wa kambo, mama wa kambo, mtoto wa kambo: maneno hayo yana kivuli. Hadithi za watoto zimemfanya mama wa kambo kuwa mchoyo na mkali, na mtoto wa kambo kuwa yule anayekula mwisho. Hata watu wenye adabu hulikwepa jina hilo na kusema mtoto wa kufikia. Istilahi rasmi imechukua neno lenye jeraha na kuliweka juu ya huduma ya huruma. Mwambie bibi kwamba malezi yake ni ya kambo, utamwona anavyovuta kanga na kunyamaza. Ukimwambia wewe ni familia ya kuaminika, jina ambalo maafisa ustawi huwapa wanaompokea mtoto kwa dharura, atakukaribisha ndani. Neno la pili linasema kile kinachopimwa, yaani kuaminika.

Kuasili

Tumefika kwenye neno kubwa. Asili ni shina, chimbuko, mahali jambo linapoanzia. Kumwasili mtoto ni kumpa asili mpya, na sheria inalichukua neno hilo kwa maana yake yote. Amri ya kuasili ikitolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kumzaa hukoma, na mwasili huingia katika nafasi yao. Mtoto hurithi kwa mwasili kana kwamba alizaliwa naye. Jina lake huingizwa katika rejesta ya watoto walioasiliwa. Kwa sababu ya uzito huo, kwa kawaida maombi hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo kwa wakazi wa Singida ilimaanisha kwa miaka mingi safari ya Dodoma, na masharti yake ni makali: mwasili asiye na udugu na mtoto awe amefikisha miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21.

Sasa fikiria bibi anayeasili mjukuu. Kwa sheria bibi amekuwa mama. Mama wa mtoto, aliye Dar es Salaam, amekuwa dada yake. Mjomba amekuwa kaka. Mti mzima wa majina ya ukoo, ule uliokuwa unampa mtoto wazazi wengi bila kumpokonya hata mmoja, umekatwa na kupandwa upya. Kwa mtoto aliyeokotwa, asiyejulikana wazazi wala kijiji, kuasiliwa ni kupewa ulimwengu. Kwa mtoto mwenye bibi, shangazi na kaburi la baba analolijua lilipo, mara nyingi ni zaidi ya anachohitaji. Wapo ndugu wenye sababu nzuri ya kuasili, kwa mfano wanaotaka mtoto awarithi sawasawa na watoto wao. Waende wakijua neno hilo linafanya nini. Hifadhi inamlinda mtoto pale alipo, na kuasili kunambadilishia alikotoka.

Wanyaturu wengi ni Waislamu, na kwao ipo sababu nyingine ya kusita. Fikihi haikubali mtoto kuitwa kwa jina la asiyemzaa wala nasaba kuhamishwa. Inakubali, na inasifu, kafala: kumchukua mtoto, kumlisha, kumsomesha na kumlinda kama wako, huku akibaki na jina la baba yake. Zanzibar imeitambua kafala katika Sheria ya Watoto Na. 6 ya 2011, na Kenya imefanya hivyo katika Sheria ya Watoto ya 2022. Sheria ya Tanzania Bara haijaipa nafasi yake. Familia ya Kiislamu ya Singida inabaki na hifadhi kama mlango ulio karibu zaidi na imani yake, nao unatosha kwa mengi.

Kuna njia moja ya mkato inayotumika kimyakimya, nayo ni kumwandikisha mtoto wa ndugu kama uliyemzaa. Mjomba na mkewe wanatajwa kama baba na mama kwenye cheti, na mambo yanakuwa mepesi. Mepesi ya leo ni mazito ya kesho. Maelezo ya uongo katika usajili wa vizazi ni kosa, na siku mtoto atakapodai urithi wa baba aliyemzaa, cheti chake mwenyewe kitashuhudia dhidi yake.

Maneno tunayoyahitaji

Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili, kazi ya A. B. Weston. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kati ya miaka hiyo miwili mahakama za mwanzo ziliendelea kusikiliza migogoro ya watoto kwa Kiswahili kila siku, zikitumia maneno ambayo wenye shauri walikuja nayo. Sasa lugha imepewa kiti cha juu, na ni wakati wa kuyapanga maneno hayo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, tulipe jina lake tendo lililo la kawaida kuliko yote: malezi ya ndugu, na anayelifanya aitwe ndugu mlezi. Maneno hayo yapo tayari kinywani mwa kila mtu na hayana kivuli cha kambo. Pili, mahakama na maafisa ustawi wakubaliane juu ya neno moja la hifadhi, ili bibi wa Ilongero na hakimu wa Singida mjini wazungumze juu ya kitu kilekile. Tatu, mkwaju utolewe kwenye fomu. Mahali pake iandikwe mistari miwili: uhusiano wako na mtoto ni upi, na mtoto yuko kwako kwa njia gani, iwe kwa kuzaa, kwa makabidhiano ya ukoo, kwa amri ya mahakama, kwa kuasili, au bado hakuna utaratibu uliofanyika.

Jibu hilo la mwisho lisimfungie mtoto mlango wa darasa. Lengo lake ni kumwonyesha mwalimu mkuu ni nani anayehitaji kuelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yake, mapema, kabla ya siku ya mwenye mhuri. Bibi akisoma mstari huo na kuona kwamba kinachoelezea hali yake ni hapo kwenye bado, atakuwa amejifunza kwa dakika moja jambo ambalo fomu zote za zamani zilimficha: kwamba ipo njia, ina jina, na anaweza kuiomba.